Tahadhari ya sakitu itangulie hatari

Wakulima wengi wa nyanda zetu za juu huihofu baridi ya Juni na Julai, kisha jua la Januari linapowaka hudhani kwamba hatari imekwisha. Hilo ni kosa linalowagharimu wengi. Mawingu ya Julai, ijapokuwa hututetemesha, huifunika ardhi usiku mithili ya blanketi na kuizuia isipoteze joto lake. Adui wa mimea michanga ni usiku wa Januari na Februari, mbingu zikiwa nyeupe, nyota zikimeta na upepo ukiwa umetulia. Hapo ndipo sakitu hutanda.

Wakazi wa Kinangop, Limuru na Kericho wanaifahamu vyema. Mnamo Januari 2012 sakitu ilibabua majani chai katika maeneo ya Bonde la Ufa. Mashamba yaliyokuwa kijani kibichi yakageuka rangi ya kahawia, na wachumaji wakakosa cha kuchuma. Viazi navyo, vikipigwa usiku, majani yake huwa meusi kabla ya jua kutua. Hasara hii humfika mkulima mwezi uleule shule zinapofunguliwa na karo inapodaiwa.

Ni kweli kwamba ekari nzima ya chai haifunikiki kwa magunia. Hata hivyo kitalu, kijishamba cha mboga na miche ya mwaka wa kwanza vyaweza kuokolewa. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni kama maji. Kwa hivyo kitalu kisiwekwe bondeni, na ua mnene ulio upande wa chini wa shamba uachiwe mwanya ili baridi ipite. Udongo uliotiwa maji mchana huhifadhi joto kuliko udongo mkavu. Kabla ya jua kuzama, miche ifunikwe kwa magunia au nyasi kavu juu ya vijiti, ili kifuniko kisiguse majani, asubuhi ifunuliwe. Na mche uliobabuka usikatwe kwa pupa. Mkulima asubiri aone mahali machipukizi yatakapotokea.

Maarifa haya si ya gharama kubwa. Linalohitajika ni yamfikie mkulima mapema. Utabiri wa hali ya hewa unaosomwa kwa lugha ya wataalamu haumfai mama aliye shambani Njabini. Twazihimiza serikali za kaunti ziwatume maafisa wa kilimo vijijini mwezi wa Desemba, nao manaibu wa chifu walitangaze jambo hili barazani. Redio za lugha za mama nazo zitangaze jioni, wakati bado upo wa kutandaza gunia.

Kuzuru mashamba yaliyokwisha kuungua na kutoa pole ni uungwana, lakini pole hailipi karo. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari.