Nakala za kompyuta zijaribiwe kabla ya msiba

Asubuhi ya Jumatatu moja, stima ilipotea na kurudi mara tatu katika muda wa dakika chache kwenye mtaa mmoja wa Eastlands, jijini Nairobi. Iliporudi mara ya tatu, kompyuta iliyobeba kazi ya miaka miwili ya kituo kimoja cha vijana haikuwaka tena. Kituo chenyewe sitakitaja. Wenyewe wameshaona haya ya kutosha, na kosa lililotendeka pale nalijua kuwa hutendeka kila mahali, zikiwemo idara za vyuo vikuu ambamo sisi wasomi hujiona tumeerevuka.

Kilichokuwa ndani ya kompyuta hiyo ni sauti za watu. Vijana walikuwa wamewarekodi wazee wa Kaloleni, Makongeni, Bahati na Shauri Moyo wakisimulia maisha yao: kazi ya reli, mpira, dansi, na ile asubuhi ya Aprili 1954 wakati majeshi ya serikali ya kikoloni yalipolizingira jiji katika Operesheni Anvil na kuwazoa maelfu ya wakazi. Mimi nilialikwa kuwasaidia katika upande wa lugha, na nakiri kwamba nilikwenda kwa tamaa yangu mwenyewe. Asili ya Sheng ingali na ubishi. Wapo wataalamu wanaoiweka katika miaka ya 1970, na wapo, kama Alamin Mazrui, wanaodai kuwa chembechembe zake zilikuwako Nairobi tangu miaka ya 1930. Mzee aliyekulia Kaloleni mtaa huo ulipokuwa mpya, katika miaka ya 1940, akikueleza jinsi walivyosemezana uwanjani ili wakubwa wasiwaelewe, ni ushahidi usiopatikana katika maktaba yoyote. Watatu kati ya wazee hao wamekwisha kuzikwa. Nyumba zenyewe nazo zinaondoka. Zile za zamani za Pangani zimeshabomolewa kupisha maghorofa.

Hata hivyo, siku ile hakuna aliyetaharuki. Kituo kilikuwa na programu ya kuhifadhi nakala kupitia mtandao wa ndani. Kila usiku seva iliamka yenyewe, ikazizungukia kompyuta moja baada ya nyingine, ikachukua faili zilizobadilika tangu jana yake na kuziandika katika diski iliyofungiwa kabatini. Kila asubuhi dirisha la programu hiyo lilionyesha alama ya kijani.

“Daktari, usiwe na wasiwasi,” kijana msimamizi aliniambia. “Bakapu iko. Tangu mwaka jana haijawahi kutuletea shida.”

Naam, haikuwahi kuleta shida kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuiomba chochote.

Tuliketi mbele ya kioo. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuifanya kazi hii, si ngumu kuieleza. Unachagua kompyuta iliyopatwa na maafa, kisha unachagua tarehe unayotaka kurudi. Programu hupekua katika daftari lake, lile linalokumbuka kila faili ilinakiliwa usiku gani na imelazwa wapi, na kukujengea mti wa makabrasha jinsi ulivyokuwa siku hiyo. Unatia alama penye faili unazozitaka, unaonyesha mahali pa kuzirudishia, unabofya, unangoja. Daftari hilo ndilo roho ya mpango mzima. Likipotea, faili zingaliko, lakini itakubidi kuipekua diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetafuta barua moja katika gunia la posta. Kwetu, kwa bahati njema, daftari lilikuwa katika seva, nayo seva ilinusurika.

Kijana alichagua tarehe ya usiku uliotangulia. Mti ukachipuka kiooni. Kabrasha la sauti lilikuwepo. Akalifungua, na ndani hamkuwa na kitu.

Ilituchukua karibu saa nzima kuelewa. Miezi minane nyuma diski ya zamani ilikuwa imejaa, na mtu fulani mwenye nia njema akazihamishia rekodi zote kwenye diski mpya aliyoichomeka katika kompyuta ile ile. Lakini orodha ya mambo yanayopaswa kunakiliwa, ambayo iliandikwa siku programu ilipowekwa, haikuguswa. Seva ilikuja kila usiku, ikagonga mlango wa nyumba iliyohamwa, ikakuta ni tupu, ikanakili utupu huo kwa uaminifu, na asubuhi ikatutangazia kwa kijani kwamba kazi imekwisha bila kasoro. Wala haikusema uongo. Iliagizwa hivyo.

Tulirudi nyuma hadi wiki iliyotangulia ule uhamisho. Hapo tukazikuta rekodi 38 kati ya 61. Zile 23 zilizofanywa baadaye hazikuwa popote, na miongoni mwake ni sauti ya bibi mmoja wa Bahati aliyewahadithia vijana habari za Anvil kwa saa mbili. Ni mmoja wa wale watatu niliowataja.

Msiba wa pili ulikaribia kutupata papo hapo. Kompyuta mpya ilikuwa imeshawekwa, na binti mmoja alikuwa ameingiza humo maandishi ya mahojiano aliyokuwa akiyasahihisha nyumbani. Programu ilipendekeza kuzirudisha faili zote mahali pa asili, na palikuwa na swali dogo kwa Kiingereza: je, faili ikikutwa tayari ipo, ifanyweje? Neno lililotumika lilikuwa lile la kumaanisha kukiondoa kitu na kuweka kingine badala yake. Kijana wetu alilielewa kuwa ni “kuweka tena mahali pake”, na ukweli ni kwamba vipande vya neno lile ukivitenganisha husema hivyo hasa. Kidole kilikuwa juu ya kipanya binti alipopiga ukelele, “Ngoja, maandishi yangu yako hapo!” Angekawia kidogo, masahihisho ya miezi yangefunikwa na rasimu zilizojaa makosa. Tukaelekeza zile za kale zishukie katika kabrasha jingine, nasi tukazilinganisha moja moja.

Hapa ndipo ninapotaka kuwasuta wenzangu wa fani ya lugha, nami nikiwemo. Tumetumia miaka mingi kubishana iwapo kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, neno ambalo sikioni mwangu linalikaribia mno “angamizi”. Hatujatumia hata wiki moja kukaa na fundi wa Kayole au Umoja na kumuuliza anaelewa nini anapoulizwa swali lile kiooni. Kazi njema imefanyika, silikatai hilo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikafuata kwa tafsiri zake. Lakini walionufaika ni wanaoandika barua. Programu za seva za kuhifadhi na kurejesha nakala, nilizokutana nazo mimi, zote husema Kiingereza, na husema Kiingereza cha mafundi. Ni katika programu hizo neno moja likieleweka vibaya huweza kufuta kazi ya mwaka.

Maneno tunayo. Wafasiri wengine hutumia “nakala rudufu”, ambalo halina ubaya, ila linaishia kwenye kurudufu: umenakili, umemaliza. Wengine wametumia “chelezo”, nami nalipenda zaidi. Chelezo ni kitu cha kuelea, boya la kumshika mtu asizame. Mtu wa pwani hamiliki chelezo ambacho hakijawahi kutiwa majini. Mkenya yeyote anayekopa salio kwa Okoa Jahazi anaielewa taswira hiyo bila mwalimu. Na swali lile la hatari lingeweza kuulizwa waziwazi: “Faili iliyopo ifutwe, iwekwe ya zamani?” Sidhani kama kijana wetu angebofya.

Najua nitajibiwa kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi kila kitu kiko winguni. Wengi wa wanaosema hivyo wanachanganya kuoanisha na kuhifadhi. Ukifuta picha katika simu iliyooanishwa na akaunti yako, aghalabu nayo ya huko hufutika. Mtu aliyenyakuliwa simu dirishani mwa matatu hujua zaidi: anaponunua nyingine na kufungua WhatsApp, huulizwa mwanzoni kabisa kama anataka kurejesha mazungumzo yake, na akiruka swali hilo kwa haraka ya kuongea na watu, itambidi aiondoe programu na kuanza upya. Fauka ya hayo, saa mia za sauti hazipandi winguni kwa vifurushi vya data ambavyo kituo cha mtaani kinaweza kuvimudu.

Wala jambo hili si la vituo vya sauti tu. Eastlands ina shule, zahanati, makanisa, misikiti na vyama vya akiba vyenye majina na fedha za watu ndani ya kompyuta. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za watu azingatie uwezo wa kuzirejesha kwa wakati yanapotokea maafa. Sheria haikutosheka na kunakili. Lakini waulize wafadhili: watakununulia seva, watakununulia diski na watapiga picha siku ya uzinduzi. Siku moja ya fundi kuja kujaribu kurejesha faili haimo katika bajeti ya mtu yeyote.

Kitu kilichohifadhiwa pasipo njia ya kukifikia kina historia kwetu. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imezificha Hanslope Park maelfu ya faili za makoloni yake, zikiwemo za Kenya zilizosafirishwa wakati wa uhuru. Kwa takriban miaka 50 karatasi hizo zilikuwepo, kavu na salama. Wazee wa Bahati waliishi na kufa bila ya kuziona. Vijana wa kituo kile walipokwenda na kinasa sauti kwa yule bibi, walikuwa wakijaribu kuandika upande wake wa habari hizo.

Baada ya mkasa, nilipendekeza utaratibu ambao mwanzoni uliwachekesha. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mtu asiye msimamizi achague rekodi moja bila kufuata mpango wowote, airejeshe kwenye kompyuta nyingine, kisha aketi na kuisikiliza hadi mwisho. Si kutazama jina la faili, bali kuisikiliza. Hatua zote zimeandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kabati, na orodha ya makabrasha yanayonakiliwa husomwa kwa sauti siku hiyo hiyo.

Mwezi wa kwanza kazi ilichukua muda wa saa mbili, kwa kuwa mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amesafiri kwenda Machakos. Sasa kuna funguo mbili. Mwezi uliopita binti yule alifanya kazi hiyo kwa dakika 20, na rekodi iliyomwangukia ilikuwa ya mzee wa Makongeni akihesabu vituo vya reli kutoka Nairobi hadi Kisumu. Alipofika Nakuru mzee alikohoa, akaomba maji, kisha akaendelea.