Jumba la Michezo Mjini Likasi?

Vijana hutuuliza mara kwa mara: Mbona Likasi haina jumba kubwa la michezo katikati ya mji, kama lile la Kigali? Swali ni la haki. Tulijibu kwa hesabu, si kwa wivu.

Jumba la Kigali lilifunguliwa mwaka 2019, nalo lapokea watu 10,000 hivi. Lakini Kigali ni mji mkuu; mashindano ya kwanza ya BAL, ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu, yalichezwa humo mwaka 2021. Sisi tutalijaza kwa nini? Wapenzi wa US Panda B52 wana kiwanja cha Kikula tayari. Na siku ambazo jumba ni tupu, nani atalipa walinzi, umeme, na fundi wa paa? (Wanaochora ramani nzuri hawapendi kuulizwa hilo.) Huko Lubumbashi, kiwanja cha Kamalondo, kilichofunguliwa mwaka 2011, kilijengwa na TP Mazembe kwa mechi zake yenyewe.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 imeweka asilimia 15 ya mrabaha wa makampuni iende kwa serikali za mahali palipo machimbo. Fedha hiyo yatoka katika shaba, na shaba ikishachimbwa haioti tena. Kwa hiyo mimi nasema: Kikula kikaguliwe kwanza, majukwaa, vyoo na ukuta, kisha kitengenezwe. Itakayobaki ifanye viwanja vidogo karibu na shule za Panda na Shituru, watoto wacheze bila kulipa nauli.