Mtoto hajifunzi lugha ya mtu anayefokewa

Ukitafuta dada wa kazi siku hizi hapa Kibaigwa, dalali atakuuliza swali ambalo mama zetu hawakuwahi kuulizwa: unataka wa lugha gani? Wa Kiingereza ni ghali. Wanaomtafuta zaidi ni familia za Dodoma mjini, zile zilizohamia na serikali kuanzia 2016, watoto wao wakiwa shule za mchepuo wa Kiingereza. Humtaka binti wa Uganda au Kenya, au Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne na ulimi mwepesi. Wa Kigogo ndiye rahisi kuliko wote, maana wilaya imejaa. Mimi nilisema namtaka huyo wa Kigogo, tena kwa sababu ya Kigogo chake, na dalali alicheka mpaka akaegemea magunia yangu.

Nauza mahindi. Mume wangu ni Mpare wa Same, mimi Mgogo wa Mkoka, na kama zilivyo ndoa nyingi za namna yetu, nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili tupu. Sina ugomvi na Kiswahili, ndicho kilichotukutanisha. Lakini mama yangu Kiswahili chake ni cha mnadani na cha zahanati: bei, salamu, dawa mara tatu kwa siku. Akitaka kusimulia, kuonya au kutania anarudi kwenye Kigogo, na hapo wajukuu zake wanabaki kumtazama mdomo. Mkubwa yuko darasa la nne, mdogo la kwanza. Bibi yao ni mcheshi kuliko watu wote ninaowajua, na wao walikuwa wanadhani ni mkimya.

Watu huniambia: si uwafundishe mwenyewe? Anayesema hivyo hajawahi kununua mazao msimu wa mavuno. Natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi malori, narudi vumbi la mahindi limejaa masikioni. Anayezungumza na watoto wangu kuliko mtu yeyote duniani ni dada. Ndivyo ilivyo kwa wafanyabiashara, ndivyo ilivyo kwa walimu, manesi na watumishi wa halmashauri. Mtoto wa miaka mitatu anaongea na dada kuanzia chai ya asubuhi hadi usingizi wa mchana, na kuanzia usingizi wa mchana hadi mzazi arudi akiwa hana nguvu ya kuuliza zaidi ya "mmekula?" Kwa hiyo nyumba nyingi za mjini tayari zina mwalimu wa lugha anayelala humohumo. Zimemfunga mdomo tu.

Mabinti wa Kongwa, Mpwapwa na Chamwino wanaopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani huambiwa siku ya kwanza kabisa: usiwaongeleshe watoto kilugha. Na hapa kwetu, kwenye ardhi ya Wagogo, Mgogo mwenzangu humwambia binti wa kijijini kwake maneno hayohayo. Tunajua kwa nini. Tumetaniwa kuwa ombaomba wa mjini hadi mtoto wa shule anaona heri aseme yeye ni mtu wa Dodoma kuliko kusema ni Mgogo. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwahesabu wasemaji wa Kigogo kuwa zaidi ya milioni moja. Lugha yenye watu milioni moja inaweza kukatika kwenye nyumba moja kwa kizazi kimoja, na kwangu ilibaki kidogo ikatike.

Kabla sijaajiri nilikwenda kuona kwa wengine. Rafiki yangu mmoja wa Dodoma alimleta binti kutoka Uganda ili wanawe wapate Kiingereza. (Kibali cha kazi sikuuliza. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inakitaka, na nyumba za namna hiyo hazipendi swali hilo.) Binti alikuwa anaongea Kiingereza kizuri kweli. Watoto baada ya mwaka walikuwa wanajua kusema leta, funga, si hicho, haraka. Walijifunza walichokuwa wanakitumia. Baba alimwita kwa kupiga kelele kutoka sebuleni, mama alimsema mbele ya wageni, na yeye alikula jikoni peke yake wakishamaliza. Mtoto ana macho. Akimwona mtu hana neno la maana katika nyumba, lugha ya mtu huyo ataichukua kwa kiasi cha kumtuma tu, basi.

Haya yalishatokea zamani, tena karibu na hapa. Watoto wa walowezi wa Kizungu, hasa kule Kenya, walilelewa na yaya wa Kiafrika waliowaongelesha Kiswahili tangu utotoni. Wengi wao walitoka na kile kilichoitwa Kisetla, Kiswahili kilichokatwa miguu, chenye amri nyingi na heshima kidogo. Kiliandikiwa hata kitabu: mwaka 1936 mtu aitwaye Le Breton alichapisha mwongozo wa Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Na Kongwa yetu, baada ya Waingereza kuja kung'oa miti mwaka 1947 kwa ule mradi wa karanga uliowashinda, ilipata hadi shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Waliishi katikati yetu miaka kadhaa. Sijakutana na mzee anayemkumbuka mtoto wa shule ile aliyeweza kumwamkia mtu kwa Kigogo.

Sasa linganisha na waliofuata. Mwaka 1964 Kongwa hiihii ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, na wenzao wa Angola na Zimbabwe. Samora Machel alikuwapo hapa kabla dunia haijamjua. Wale vijana hawakuajiri mwalimu. Walinunua kuku kwa wenyeji, walikunywa pombe pamoja nao, walipenda mabinti wa hapa na wengine wakazaa nao. Kiswahili walikipata, na baadhi yao hata Kigogo cha kuombea maji na kutania mashemeji. Walikuwa wanawahitaji watu wa hapa, na walikuwa wanataka kupendwa nao. Sioni siri nyingine.

Kwa hiyo nilipompata binti, wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Zoissa, kanuni za kwanza niliziweka kwa ajili yetu wenye nyumba. Watoto wanaamka na kumsalimia wao kwanza, "mbukwa", wala hawasubiri wasalimiwe. Anakula mezani nasi. Hakuna mtoto anayemtuma maji ilhali miguu anayo. Mume wangu, ambaye Kigogo alikuwa hajui hata cha kuagiza mlenda, naye alipewa zamu ya kujifunza jioni, na kukosea kwake ndiyo burudani kuu ya nyumba. Watoto walianza kujifunza kwa kasi walipogundua kwamba wanaweza kumsahihisha baba. Akina baba wanaosoma hapa, nawasihi mkubali kuchekwa, ni nusu ya ada.

Wiki za mwanzo hazikuwa na mafanikio ya kutangaza. Mkubwa alikuwa anajibu kwa Kiswahili, na mbele ya rafiki zake wa shule alikuwa anajifanya haelewi. Kilichomvunja ni umbea. Jioni, nikirudi, mimi na dada tunakaa jikoni tunasonga ugali wa uwele na kuongea Kigogo: nani kaolewa, nani kauza ng'ombe wa mahari akanywea pombe, mkwe gani kakimbia. Tunacheka sana. Mtoto hawezi kuvumilia watu wazima wakicheka jambo asilolijua. Alianza kwa kunyemelea mlangoni, akaja kukaa kwenye kigoda, akaanza kuuliza, na siku moja akachangia, tena kwa Kigogo, kwamba hata mke wa fulani alikuwapo. Nilipaswa kumkanya kwa kuingilia mambo ya wakubwa. Sikumkanya.

Nirudi kwenye fedha, maana mimi ni mtu wa mizani. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyotangazwa 2022 na kuanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Mwezi huohuo wa Januari gunia la mahindi la kilo 100 lilikuwa limepita bei hiyo mbali. Yaani mtu anayekulelea mwanao usiku na mchana hakuweza kununua gunia moja kwa mshahara wa mwezi mzima, na tunajua wapo wasiolipwa hata hiyo 60,000. Halafu tunaongeza kazi juu yake, tunamwambia amfundishe mtoto lugha, kana kwamba kuongea ni bure kwa kuwa mdomo anao. Mwalimu wa masomo ya ziada anayekuja saa moja jioni kufundisha Kiingereza analipwa kwa saa na anawekewa soda.

Mimi nilimwandikia binti mkataba wa 100,000. Sabini ni za kazi za nyumba, thelathini ni za lugha, zimeandikwa mbalimbali. Niliupeleka kwa mtendaji wa serikali ya mtaa augonge muhuri; alipofika kwenye mstari wa pili alisoma mara mbili akaniuliza kama ni utani. Nikamwambia apige muhuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira yawe kwenye maandishi, na haikusema jikoni ni nje ya mipaka yake. Sheria hiyohiyo inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Kulala kwa watu na kuamka saa kumi na moja kulea watoto wa wengine kunamzuia kusoma, hilo halihitaji wakili. Anayechukua binti aliyetoka darasa la saba jana ili awe mwalimu wa wanawe anamnyima shule mtoto mmoja ili kumpa mwingine.

Ulaya, jambo hili la kulea watoto na lugha kwa pamoja lina utaratibu wake. Tangu 1969 kuna makubaliano ya nchi kadhaa za huko juu ya vijana wanaokwenda kukaa na familia, kusaidia kulea watoto na kujifunza lugha ya wenyeji. Ujerumani, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki hasa Wakenya wamekwenda kwa njia hiyo, kijana ana chumba chake, hafanyi zaidi ya saa thelathini kwa wiki, anapewa euro 280 za mfukoni kwa mwezi, na familia inachangia ada ya darasa la lugha. Sitaki kusifu kupita kiasi. Fedha hiyo ni ndogo kwa nchi ile, na wapo waliojikuta watumishi wa kawaida. Ninachokitamani ni ile kuandika: kwamba lugha ni sehemu ya mapatano, ina saa zake na ina gharama, na kwamba kijana naye anaondoka na kitu.

Binti yangu wa Zoissa alitaka cherehani. Kwa hiyo mchana, watoto wakiwa shuleni, anakwenda kwa fundi jirani na soko, ada nalipa mimi. Anajua kukata sketi za shule sasa, na sare ya mwanangu mdogo wa darasa la kwanza ameishona yeye.

Shemeji yangu mmoja ana hofu kwamba Kigogo kitawaharibia watoto Kiswahili na Kiingereza cha shuleni. Kizazi chetu kilifika darasa la kwanza na kilugha, kikakipata Kiswahili uwanjani kwa wiki chache, na ndicho kizazi kinachowaandikia nyinyi magazeti. Huyo shemeji mwenyewe anajua Kipare, Kiswahili na Kiingereza, na bado anakosea hesabu za mbao kwa lugha zote tatu. Swali lake jingine ndilo zito: mbona Kigogo na si Kipare? Tumekubaliana kwamba Desemba watoto wanakwenda Same kwa mama mkwe mwezi mzima, na kule mimi ndiye nitakayechekwa.

Nimeulizwa pia itakuwaje binti akiondoka. Ataondoka, hakuna dada wa kazi wa milele na hapaswi kuwapo. Mama yangu sasa akipiga simu anaomba apewe watoto kwanza, mimi baadaye, na mara nyingine hiyo baadaye haifiki kwa sababu salio limekwisha. Ananiambia mdogo anatamka kama watu wa Zoissa. Kwake hilo ni kosa, sisi wa Mkoka tuna matamshi yetu.

Mkataba unaisha baada ya mavuno. Binti amekuja kuniambia anataka 150,000, kwa hoja kwamba watoto sasa wanajua kuuliza maswali magumu na kazi imeongezeka. Nimemwambia 120,000. Amesema atafikiri, akarudi kwenye cherehani yake, na kwa jinsi ninavyowajua wauzaji, huyu hatashuka chini ya 135,000.