Aliyechukua Silaha Amechukua Dhamana

  

Kila wezi wanapovamia mtaa, swali lile lile hurudi kwenye baraza za misikiti baada ya swala ya Isha: kwa nini sheria imzuie mwananchi mwema kumiliki silaha ya kujilinda, ilhali mhalifu anayo tayari? Wanaouliza ni watu waliovunjiwa milango usiku wakiwa na watoto wao. Hawastahiki kupuuzwa.

Kuhifadhi nafsi na mali ni katika makusudio makuu ya sheria ya Kiislamu, na aliyeuawa akitetea mali yake amehesabiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa ni shahidi. Lakini Mtume huyo huyo aliwaamuru wenye kupita msikitini au sokoni na mishale wazishike ncha zake, wasije wakamjeruhi mtu. Basi haki ya kujilinda imethibiti, na kudhibiti silaha penye watu nako kumethibiti. Sheria za nchi zetu zinakwenda njia hiyo: mtu anaruhusiwa kujitetea kwa kadiri ya shambulio, lakini bunduki haimiliki bila ya leseni. Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, zikakubaliana raia wasiachiwe kuzimiliki bila ya mipaka.

Sisi hatuupingi udhibiti huo. Tunachouliza ni kimoja: mtu akishavuliwa silaha yake, nani anamlinda?

Jibu tulitafute Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Wafugaji wa huko waliibiana ng'ombe kwa mikuki tangu zamani. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikazagaa. Disemba 2001 serikali ilianza kampeni ya kuwataka wananchi wasalimishe silaha. Zilikusanywa bunduki zipatazo 10,000, na wengi walizitoa kwa hiari, wakiamini kwamba jeshi litawalinda.

Machi 2002 sehemu kubwa ya jeshi hilo ilihamishiwa kwenye vita dhidi ya waasi wa Joseph Kony. Wabokora, waliokuwa wametoa silaha kwa wingi, wakavamiwa na majirani zao Wamatheniko na Wajie waliobakiza za kwao. Ng'ombe wakaswagwa, watu wakakimbia makwao, na waliobaki wakarudi kutafuta bunduki. Tazameni, ndugu zetu: aliyetii sheria ndiye aliyeangamia, na aliyeiasi ndiye aliyepata faida. Je, mtu huyo atatii mara ya pili?

Jeshi liliporejea kwa nguvu mwaka 2006, lilizingira maboma na kupekua, na Umoja wa Mataifa ukaripoti mauaji na mateso dhidi ya raia. Baadaye eneo lilitulia kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 2019 uvamizi ulianza tena. Julai 2021 ikaanzishwa operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, "Usalama kwa Wote". Jina ni zuri, lakini hao "wote" ndio waliosahauliwa mwaka 2002.

Funzo letu ni hili. Mwenye kumvua mtu silaha amejitwika dhamana ya roho yake na mali yake. Dhamana hiyo inataka mlinzi awepo kabla silaha haijachukuliwa. Inataka pande zote zinazohasimiana zivuliwe kwa pamoja, hata kama mpaka wa nchi unazitenganisha. Inataka pia silaha zikusanywe bila ya kupiga wala kutesa, kwani dhulma hairithishi amani.

Nasi tulio misikitini tuna wajibu wetu. Asinunue mtu bunduki ya magendo kwa hoja ya kujilinda. Hiyo ni jinai mbele ya sheria, na huweza kuishia kumuua mtoto wa mwenye nyumba au kuangukia mikononi mwa mwizi yule yule. Lakini utiifu usiwe ukimya. Kamati za misikiti ziwaendee viongozi wa mitaa na wakuu wa polisi, ziwaulize kwa adabu na bila ya woga: mmetukataza silaha, nasi tumekubali, kituo cha polisi kiko wapi, na doria ya usiku inapita saa ngapi? Kudai hivyo si uasi. Ni kudai amana kutoka kwa aliyeipokea.

Twamuomba Allah azihifadhi nafsi zetu, na awape wenye mamlaka uadilifu wa kuitekeleza dhamana waliyoibeba. Amin.