Dawa kumi kwa kichwa kimoja

Ingia duka lolote la dawa mjini, msomaji, useme unaumwa na kichwa. Muuzaji hatakupa dawa, atakupa swali: "Unataka gani?" Nyuma yake pana rafu nzima. Zipo za pakiti nyekundu, za kijani, za kuyeyushwa majini, za wenye haraka, za usiku na za akina mama wakati wa hedhi. Wengi wetu hujibu kwa kutaja jina tulilolisikia redioni au lile lililokuwa kabatini kwa mama. Wengine, kwa kuchelea kukosea, hununua aina mbili.

Husemwa kwamba huu ndio uhuru, na kwamba mwenye mengi ya kuchagua ana heri kuliko mwenye moja. Katika viatu sina ubishi. Lakini katika dawa yafaa tuangalie kwanza kilichomo ndani ya hizo pakiti.

Nyingi kati ya hizo dawa za maumivu zimetengenezwa kwa vitu vinne au vitano tu: parasetamoli, aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, na pengine kafeini kidogo ya kuchangamsha. Panadol ni parasetamoli. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Basi mtu mwenye homa humeza tembe mbili asubuhi, adhuhuri akakoroga unga wa mafua katika maji moto, na usiku akaongeza tembe za "maumivu makali" alizopewa na jirani. Yeye huamini ametumia dawa tatu, kumbe ametumia moja mara tatu.

Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500, na asimeze nyingine kabla ya saa nne kupita. Anayezidisha huumiza ini, na ini halipigi kelele siku ya kwanza. Mtu aweza kujihisi yu salama siku nzima au mbili huku ini likiendelea kuharibika. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni ndugu wa tumbo moja. Mzee anayemeza hii asubuhi na ile jioni kwa sababu ya magoti hajaongeza nafuu kama anavyodhani. Ameongeza hatari ya kutokwa na damu tumboni na kuumia figo, na iwapo ana shinikizo la damu, dawa zake za presha zitaanza kushindwa kazi. Hapo ndipo nasi tunapomwongezea dawa nyingine ya presha, iwapo hatukuuliza habari za magoti.

Kwa hiyo rafu hiyo haina chaguo kumi. Ina chaguo tatu au nne zilizovalishwa nguo kumi, kila nguo na bei yake. Tembe za parasetamoli zisizo na jina kubwa hufanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya bei.

Usidhani, msomaji, kwamba tatizo hili ni la wasiosoma. Mwaka wa 1995 watafiti wawili, Donald Redelmeier na Eldar Shafir, walichapisha katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani matokeo ya jaribio walilowafanyia madaktari wa Ontario, Kanada. Waliwaeleza habari za mkulima wa miaka 67 mwenye maumivu ya nyonga ya muda mrefu, ambaye dawa alizokwisha kujaribu hazikumfaa na sasa anapelekwa kwa daktari wa mifupa, huenda akapasuliwa. Kundi moja liliambiwa kwamba ipo dawa moja ambayo mgonjwa hajaijaribu, ibuprofeni. Kundi la pili likaambiwa zipo mbili, ibuprofeni na piroksikamu. Je, ungempa dawa kwanza au ungempeleka tu kwa mpasuaji? Katika kundi la kwanza asilimia 53 walimpeleka bila kumpa dawa mpya. Katika kundi la dawa mbili walikuwa asilimia 72.

Fikiria jambo hilo. Daktari aliyekuwa na njia moja zaidi ya kumsaidia mgonjwa aliacha njia zote mbili. Dawa hizo zinafanana mno, na kuchagua moja kulihitaji sababu. Sababu ilipokosekana, kalamu ikaona ni rahisi kuandika barua ya kumhamisha mgonjwa. Wazee wetu walikwisha kutuambia kwamba njia mbili zilimuumiza fisi. Mimi huongeza kwamba fisi yule alikuwa akinusa nyama ile ile pande zote mbili. Angalinusa nyama upande mmoja na moshi upande wa pili, angalifika salama.

Wataalamu wa biashara nao wana kisa chao mashuhuri cha mwaka wa 2000. Katika duka moja la California, wateja walionjeshwa aina 24 za jemu wakati mmoja, na aina 6 wakati mwingine. Meza ya aina nyingi ilivutia watu zaidi, lakini kati ya waliosimama hapo ni asilimia 3 tu walionunua, ilhali kwenye meza ya aina chache walinunua asilimia 30. Kisa hicho kimesimuliwa mno, hata kikafanywa kama sheria. Lakini mwaka wa 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio ya namna hiyo yapatayo 50, wakaona kwamba kwa wastani wingi wa vitu peke yake haukuwa na athari yoyote ya maana. Mahali pengine ulidhuru, pengine ulisaidia. Nakubaliana nao, maana nimeyaona yote mawili katika chumba kimoja cha kliniki.

Chukua mpango wa uzazi. Hapa wingi ni neema, wala sitaki mtu atumie maneno yangu ya juu kupunguza chochote. Vidonge, sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi, kitanzi, kondomu na kufunga kizazi kwa mume au mke si kitu kimoja kilichobadilishwa rangi. Mama mwenye shinikizo la damu hafai kupewa vidonge vya kawaida vyenye estrojeni. Anayenyonyesha mtoto wa wiki tatu pia asubiri. Anayetaka kushika mimba mara tu atakapoacha kinga ajue kwamba sindano huweza kumchelewesha kwa miezi kadhaa. Asiyetaka mtoto tena, na hataki kisu, anaweza kuwekewa kitanzi cha shaba kikamkinga kwa miaka 10. Na mwenye shaka na nyendo za mwenzake ahitaji kondomu, maana hayo mengine hayazuii Ukimwi.

Kliniki yenye sindano pekee humpoteza kila mama ambaye sindano imemvuruga hedhi. Huenda nyumbani, hasemi neno, na baada ya mwaka hurudi na mimba ambayo hakuipanga. Uchunguzi wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Ule wa mwaka wa 2022 ulionyesha 3.4. Mengi yalichangia, shule za wasichana zikiwamo, lakini hatungalifika hapo kwa njia moja ya kinga.

Tofauti ya kliniki hiyo na lile duka ni kwamba tofauti kati ya njia hizi ni za kweli, tena mbele ya mama huketi muuguzi mwenye kazi ya kumuuliza maswali. Akishauliza matano, njia sita hubaki mbili, na mama huchagua akijua anachokichagua.

Serikali nazo zina kazi ya kupunguza. Mwaka wa 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, kama 200 hivi. Sasa zimepita 500, na Kenya ina orodha yake. Bangladesh ilikwenda mbali zaidi: mwaka wa 1982 iliamuru dawa zipatazo 1,700 ziondolewe sokoni kwa kuwa nyingi hazikuwa na faida au zilikuwa na madhara. Makampuni yalilalama sana. Hapa kwetu, tangu AL ilipoanza kutolewa katika vituo vya umma mwaka wa 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali, muuguzi wa zahanati ya mbali hana haja ya kusimama mbele ya mtoto mwenye homa akiwaza kati ya sita. Hupima damu, na malaria ikionekana, anajua pa kuanzia.

Sisi madaktari tumejitafutia desturi mpya ambayo mimi siipendi. Mgonjwa hutajiwa njia nne za kutibu uvimbe wake, bei za kila njia na hatari zake, kisha daktari hukunja mikono: "Uamuzi ni wako." Ni kweli mwili ni wake, na haki ya kukataa ni yake. Lakini aliyelipa ada ya kumwona daktari hakuja kununua orodha. Ana haki ya kuuliza, "Daktari, kama ningekuwa dada yako, ungenishauri nini?" Naye daktari ana wajibu wa kujibu na kutoa sababu. Mgonjwa asipojibiwa, huondoka akamuulize shangazi, kisha mchungaji, kisha mwenye mitishamba wa sokoni, na kila mmoja humwongezea njia ya tano, ya sita na ya saba. Wakati huo uvimbe haumngoji.

Utakapokwenda dukani tena, geuza pakiti usome yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hayo ndiyo jina la dawa yenyewe. Ukikuta jina hilo hilo katika pakiti mbili, rudisha moja. Na siku ya kliniki, kusanya kila kitu unachomeza, cha hospitali, cha duka, cha jirani na cha mitishamba, utie katika mfuko mmoja uje nao. Usione haya. Tutaumwaga mezani na kuhesabu pamoja.