Karani Mwaminifu na Kufuli Mbili

Wakulima wengi wakisikia habari ya wizi katika kiwanda cha kahawa, fikira zao huenda kwa watu wenye silaha wanaokuja usiku na lori. Wezi hao wapo kweli, na magazeti yameeleza mara nyingi jinsi magunia yalivyochukuliwa katika viwanda vya Nyeri, Kirinyaga na Murang'a. Lakini wizi ninaotaka kuzungumza nawe leo hautaki bunduki wala lori. Hufanywa mchana, mbele ya foleni ya watu, kwa kalamu.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisi, basi univumilie nikikuandikia hesabu kama ya ubaoni. Tuseme wakulima 300 wanaleta kahawa mbivu kiwandani kwa siku moja, na kila mmoja anapunjwa nusu kilo tu. Hizo ni kilo 150. Kama chama kitalipa shilingi 100 kwa kilo, zimepotea shilingi 15,000. Fanya hivyo siku 40 za mavuno, na shilingi 600,000 zimetoka katika mifuko ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeona kwamba ameibiwa.

Nusu kilo hupatikana kwa njia nyepesi sana. Mshale wa mizani husomwa kabla haujatulia, au kilo 37 na nusu zikaandikwa 37. Pengine kilo nzima hutolewa kwa ajili ya gunia, na gunia lenyewe ni la nailoni, uzito wake haufiki hata robo kilo. Mkulima ametembea tangu asubuhi na jua linazama, hataki ugomvi. Huchukua karatasi yake akaenda zake.

Sasa jiulize, kilo hizo zaenda wapi? Kahawa haikuondoka kiwandani. Imeingia katika mashine pamoja na nyingine. Ili mwizi apate fedha, hana budi kuziandika kwa namba ya mtu fulani, shemeji yake au rafiki. Hapo ndipo awezapo kukamatwa. Mtu mwenye miti 100 akiandikiwa kilo 4,000, hizo ni kilo 40 kwa kila mti, na mti wa namna hiyo mimi sijapata kuuona. Kwa hiyo yafaa kila mwisho wa mwezi halmashauri ibandike ukutani orodha ya namba za wanachama, miti yao na kilo zao. Majirani wanajuana mashamba. Watafanya ukaguzi bila kulipwa hata senti.

Ghala nalo lina hesabu yake. Kahawa mbivu yapata kilo 5 hutoa kilo 1 ya kahawa iliyokauka na ganda lake. Kiwanda kilichopokea kilo 50,000 kingojee kuona karibu kilo 10,000 ghalani. Zikionekana 8,500, pengine mvua au kahawa nyepesi ndiyo sababu, lakini meneja aulizwe wiki hiyo hiyo, wala isingojewe mpaka malipo yatoke.

Dawa yake si ngeni. Anayepima asiwe ndiye aandikaye daftari kuu, na mwenye daftari asishike ufunguo wa ghala. Ghala liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa meneja na wa pili kwa mjumbe wa halmashauri, wala asiweze mmoja kufungua bila mwenziwe. Risiti ziwe na namba zinazofuatana, ziandikwe kwa wino na kuwa na nakala. Iliyoharibika ipigwe mstari na kubaki kitabuni, isichanwe. Karani naye apewe likizo yake kila mwaka, na mtu mwingine akae mezani pake. Karani asiyekubali kamwe kwenda likizo husifiwa kuwa ana bidii. Mimi ningeomba kwanza kuona vitabu vyake.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni matusi. "Huyu ni mtoto wetu," husema, "tumemjua tangu utotoni, kwa nini tumwekee kufuli mbili?" Maneno hayo nimeyasikia katika mikutano mingi, na hunisikitisha kuliko wizi wenyewe. Fikiri, ndugu yangu: magunia 6 hayaonekani, na ufunguo ulikuwa mmoja, mfukoni mwa kijana huyo peke yake. Hata kama hakugusa hata punje, atajiteteaje? Atafukuzwa kazi, jina la baba yake litachafuka sokoni, na aliyeiba hasa ataendelea kukaa katika baraza. Lakini ikiwa funguo zilikuwa mbili na daftari lina sahihi mbili, kijana ana shahidi. Mwaminifu ndiye anayehitaji kufuli ya pili.

Mizani ya umeme inayotoa risiti yenyewe ni msaada mkubwa, na vyama vilivyoipata vifurahi. Hata hivyo anayebonyeza namba ya mwanachama ni mtu, na yaweza kubonyezwa namba ya shemeji.

Halmashauri nazo zisikae kama wageni katika shauri hili. Sheria ya mwaka 2003 juu ya maadili ya watumishi wa umma iliwahesabu maofisa wa vyama vya ushirika pamoja na watumishi hao, nao wakatakiwa kutangaza mali zao. Tena twakumbuka kwamba sheria ya 1997 iliwaachia wanachama vyama vyao na kulegeza mkono wa Serikali, na vyama vingi vya kahawa vikaingia katika ugomvi, kugawanyika na kupotelewa na fedha, hata sheria ikarekebishwa mwaka 2004 ili kurudisha usimamizi. Na kuna jambo jingine lisilopendwa kutajwa: kumweka karani miezi mitatu bila mshahara katika chumba chenye fedha za watu wengine. Sisemi njaa ni ruhusa ya kuiba. Nasema halmashauri inayofanya hivyo isishangae.

Basi mkutano mkuu wa chama chenu ukiitwa, kabla ya hotuba na soda, mwanachama mmoja asimame aulize ghala lina kufuli ngapi na nani ana funguo. Mwingine aulize taarifa ya mkaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita iko wapi. Na wewe, siku ya kupeleka kahawa, tazama kwanza kama mizani ina mhuri wa mkaguzi wa mizani na vipimo wa mwaka huu. Kisha ngoja mshale utulie, usome namba kwa sauti ili aliye nyuma yako asikie, na usiondoe debe lako mpaka risiti imeandikwa.