Kutoka Barazani: Mtu wa Sehemu Ndogo

Mwezi uliopita, jioni moja nilipokuwa nimeketi barazani kwangu hapa Malindi nikipunga upepo, alinijia mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili katika shule moja ya sekondari upande wa Kilifi. Aliniamkia kwa adabu, kisha akaketi kimya, uso ameukunja. Nilipomwuliza habari, akanieleza kwamba shule yao inatayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mashindano, naye alitumaini kupewa sehemu ya mfalme. Mwalimu amempa sehemu ya bawabu. Maneno yake katika mchezo mzima ni matatu tu: "Nani?", "Pita", na "Kwaheri".

"Mjomba," akasema, "nimeazimia kujitoa. Afadhali nikae nitazame kuliko kufungua mlango na kuufunga mbele za watu."

Sikumkemea, maana mimi mwenyewe nilipokuwa katika shule ya misheni kazi yangu katika michezo ilikuwa kuvuta pazia, na hata leo kazi yangu ofisini ni kutayarisha barua ambazo wengine huzitia sahihi. Nilimwambia angoje nimalize kahawa yangu, kisha nikamsimulia habari za mtu mmoja ambaye jina lake ni la Kikenya na kazi yake iko Marekani. Naona habari hizo zafaa kuwafikia na wasomaji wa safu hii, hasa wazazi na vijana.

Mtu huyo ni Edi Mue Gathegi. Alizaliwa Nairobi tarehe 10 Machi 1979, akakulia Albany katika jimbo la California. Alipoingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, moyo wake haukuwa katika uigizaji; ulikuwa katika mpira wa kikapu. Akaumia goti. Yeyote aliyepata kumwona kijana hodari wa mchezo akiwekwa kando na goti aweza kuifahamu huzuni iliyompata. Katika huzuni hiyo akajiandikisha katika darasa la uigizaji, akidhani kuwa ni somo jepesi la kupitishia wakati. Kumbe ndipo alipoikuta kazi yake. Baadaye akasomea sanaa hiyo katika Chuo Kikuu cha New York, kisha akacheza jukwaani, pamoja na michezo ya Shakespeare.

Kabla ya kuendelea, yafaa nieleze jambo moja. Katika sinema wako waigizaji wa namna mbili. Yuko yule ambaye vijana wetu humwita staringi: picha yake ndiyo ibandikwayo ukutani, na hata akipigwa risasi kumi watoto hawana wasiwasi, maana wajua kwamba hafi. Tena wako wale wa namna ya pili: dereva wa teksi, daktari, mwizi, askari, jirani mbea. Hao huonekana kwa dakika chache, nao hubadilika katika kila sinema, hata mtazamaji husema, "Sura hii nimeiona wapi?" asilikumbuke jina. Ni kama katika chombo cha baharini. Abiria humjua nahodha, wala hawamwulizi jina yule atoaye maji chini ya chombo kwa kata. Walakini akilala huyo, nahodha na abiria wote watafika pamoja chini ya bahari.

Gathegi aliingia kwa mlango wa hao wa pili. Mwaka 2006, katika sinema iitwayo Crank, alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Haiti. Mhusika huyo hakupewa hata jina. Katika orodha ya waigizaji aliandikwa kwa nchi yake na kazi yake tu, kama sisi makarani tuandikavyo katika mafaili: "mwombaji", "mlalamikaji", "mwenye shamba". Mwaka uliofuata, 2007, akawa mwuza dawa za kulevya katika Gone Baby Gone, sinema ya mji wa Boston iliyoongozwa na Ben Affleck. Mwaka huo huo akaonekana katika televisheni, katika mfululizo uitwao House, unaoeleza habari za daktari mwenye akili nyingi na ulimi mkali. Humo daktari yule anatafuta wasaidizi, na watu arobaini wanaomba kazi. Gathegi alikuwa mmoja wa waombaji hao, Dakta Jeffrey Cole, akaachishwa kabla uchaguzi haujakwisha. Tazameni basi: katika muda wa miaka miwili, dereva, mhalifu, na daktari, na kila mmoja ana mwendo wake, sauti yake, na namna yake ya kumtazama mwenziwe.

Mwaka 2008 alitokea katika Twilight, hadithi ya viumbe wanyonyao damu, akiwa Laurent, akarudi katika sinema iliyofuata mwaka 2009. Mwaka 2011 alikuwa Darwin katika X-Men: First Class. Huyu Darwin ana uwezo wa ajabu: mwili wake hubadilika kufuatana na hatari iliyo mbele yake. Akitia kichwa majini, huota mashavu ya samaki apate kuvuta pumzi. Walakini sinema haijafika mwisho, Darwin ameuawa.

Hapo mpwa wangu alinikatiza. "Niwie radhi, mjomba. Mtu awezaye kubadilika asife ndiye afe kwanza? Na kwa nini awe yule mweusi?"

Nilikaa kimya kidogo, maana swali hilo si la kitoto, na watazamaji wengi huko Marekani nao waliliuliza. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi sinema za huko ziliwapa watu weusi sehemu za watumishi, za wahalifu, na za wale wafao mapema. Asemaye kwamba jambo hilo lilikuja kwa bahati tu anajidanganya. Sitaki kijana yeyote aisome safu hii akadhani kwamba namfundisha kunyamaza akipunjwa. Nilimjibu mpwa wangu hivi: kuuliza kwa nini sehemu yako ni ndogo ni haki yako, na uulize kwa sauti ya kusikika; lakini kuifanya vibaya kwa sababu ni ndogo ni kujipunja mara ya pili, na safari hii mwenye kukupunja ni wewe.

Gathegi hakuacha kazi. Kuanzia mwaka 2016 hata 2018 alikuwa mmoja wa wahusika wakuu katika mfululizo uitwao StartUp, akiigiza Ronald Dacey, mkuu wa genge la Wahaiti mjini Miami. Hapo pana jambo la kufurahisha. Yule Mhaiti wa mwaka 2006, asiye na jina, amerudi akiwa na jina, mke, watoto, na dhamiri inayomnyima usingizi. Mwaka 2021 alikuwa Bill Pickett katika The Harder They Fall. Pickett alikuwa mtu wa kweli, mchunga ng'ombe mweusi wa Marekani aliyesifika kwa kuwaangusha mafahali kwa mikono yake. Mwaka 2022 aliingia katika For All Mankind, akiigiza tajiri Dev Ayesa, ambaye kampuni yake inashindana na serikali kufika katika sayari ya Mars. Tena mwezi wa Julai mwaka 2025 ilitoka sinema ya Superman, naye Gathegi ndani yake ni Mister Terrific, bingwa wa elimu na vyombo. Jina la sinema ni la mtu mwingine, lakini watazamaji wengi walitoka wakimtaja yeye. Kutoka teksi ya mwaka 2006 hata hapo ni miaka 19.

Sisemi kwamba kila avumiliaye hufika, wala kwamba sifa ni mshahara. Hapa kwetu tulikuwa na Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang katika mchezo wa Vitimbi, pamoja na Mary Khavere, yaani Mama Kayai. Yeye hakubadili sura nyingi kama Gathegi. Alimchukua mzee mmoja wa kuchekesha, akaishi naye miaka mingi, hata watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Sifa aliipata tele. Walakini macho yalipomsumbua uzeeni, ilibidi wananchi wachange fedha apate kutibiwa. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 2015. Kwa hiyo, kama nawaambia vijana waziheshimu sehemu ndogo, nawaambia na wakubwa wenye kugawa fedha: mtu aliyewachekesha watoto wenu kwa miaka mingi, msingoje apofuke ndipo mkumbuke kwamba naye alikuwa na tumbo.

Turudi kwa mpwa wangu. Nilimpa shauri moja tu: kabla ya kujitoa, aende akakae jioni mbili na bawabu wa shule yao. Akaenda, ingawa kwa uzito. Aliporudi alikuwa na mengi ya kunieleza. Aligundua kwamba mzee yule, kabla ya kumwuliza mtu jina, humtazama viatu kwanza. Na kwamba hainuki mara moja kitini, bali hushika goti, hutulia kidogo, ndipo asimame.

Siku ya mchezo nilikuwako. Mfalme aliingia na kilemba chake na maneno yake mengi, akayasema vizuri. Kisha akafika mlangoni. Bawabu akashika goti, akatulia, akasimama, akavitazama viatu vya mfalme kwa muda mrefu, akasema, "Nani?" Ukumbi mzima uliangua kicheko, maana hapakuwa na mwanafunzi asiyemtambua mzee yule. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma karibu na dirisha, naye alicheka kuliko wote.

Shule yao haikuchukua kikombe. Mpwa wangu aliporudi nyumbani hakuzungumza habari za kikombe. Alisema kwamba mwakani ataomba sehemu ya mzee yeyote, hata kama hana neno la kusema, na tangu siku hiyo mama yake analalamika kwamba kijana anamfuata bibi yake uani akitazama namna anavyotembea.

Basi, wasomaji wapenzi, na tuishie hapo kwa leo. Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda.